Reflektometa haioni kebo, inaisikia

Wiki iliyopita nilikuwa Makupa, hapa Mombasa, kando ya mtaro uliochimbwa pembeni mwa barabara, nikamsikia kijana akimwambia msimamizi wake, "Ami, mashine ishaona. Hapa hakuna stima, shuka tu." Yule mzee, Mungu ambariki, hakushuka. Aliomba kipima-voltage kwanza. Lakini maneno yale, "mashine imeona", nimeyasikia Changamwe, nimeyasikia Kilindini, na kila nikiyasikia mwili unanisisimka. Mtu anayeamini kwamba reflektometa inaona atachimba mahali pasipo na hitilafu, na siku nyingine ataingiza mkono mahali penye umeme.

Maana yake ni fupi. Reflektometa ya mapigo ni kifaa kinachorusha pigo fupi la umeme ndani ya kebo, kisha kinahesabu muda mpaka pigo lirudi. Pigo husafiri hadi likutane na mahali ambapo kebo imebadilika ghafla: imekatika, nyaya zimegusana, jointi imeingia maji. Wataalamu huliita badiliko la impidansi, yaani la jinsi kebo inavyolipinga pigo. Hapo sehemu ya pigo hugeuka na kurudi ilikotoka. Ukizidisha muda kwa kasi ya pigo kisha ukagawa kwa 2, kwa kuwa limekwenda na kurudi, unapata umbali. Kebo iliyokatika hurudisha pigo likiwa limeinuka juu ya mstari wa skrini. Shoti, yaani nyaya zilizogusana, hulirudisha likiwa limepinduka chini. (Na hapa niombe jambo moja: si kila ubovu wa kebo ni shoti. Kebo inaweza kukatika bila kuwa na shoti.)

Sasa neno lenyewe. Kwa Kiswahili sanifu tungesema kifaa cha kuakisi mapigo, na nadhani hapo ndipo fikra ya kuona ilipoingilia. Kuakisi tunakusoma shuleni pamoja na kioo na miale ya mwanga, kwa hiyo mtu akisikia akisi anawaza sura, anawaza picha. Lakini akisi tumeipata kwa Waarabu, na kwao aks ni kinyume, jambo lililogeuzwa. Jina la kigeni nalo limetoka kwenye Kilatini: reflectere ni kupinda kitu kirudi nyuma. Pulsus ni pigo. Meta, iliyoanzia kwa Wagiriki, ni kipimo. Yakusanye yote matatu, hutapata jicho ndani yake. Utapata pigo lililokwenda, likageuzwa, na mtu aliyehesabu muda.

Neno linalofaa tunalo tangu zamani, nalo ni mwangwi. Ingia kwenye godauni tupu la Shimanzi, piga kofi moja, usikilize. Ukuta wa mbali unajibu kwa kuchelewa kidogo, na mwenye sikio zuri anaweza kukisia umbali wake. Hajauona ukuta, na hajui kama ni wa mawe au wa mabati yaliyopangwa. Anajua tu kwamba sauti imekwenda, imegonga kitu, imerudi. Wazee wetu wa majahazi walipotaka kujua kina walitupa bildi, kipande cha risasi kwenye kamba yenye alama, kikagusa chini kweli. Reflektometa haigusi. Inapiga kofi na kungoja.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu mwangwi unapima muda peke yake. Kasi unaiweka wewe. Kwenye hewa tupu wimbi la umeme huenda mita 300 kwa kila mikrosekunde, lakini ndani ya kebo kihami, yaani ile ngozi inayozuia umeme usitoke kwenye waya, hulipunguza mwendo. Kwenye kebo ya simu yenye kihami cha plastiki ya polithini, kasi ni kama 0.66 ya ile ya hewani. Kwenye kebo nyingi za umeme mkubwa za siku hizi ni kama 0.55, na hubadilika kutoka kebo moja hadi nyingine.

Niliwahi kuwa na kundi lililotoka kupima kebo za simu asubuhi, mchana likaitwa kwenye kebo ya umeme mkubwa ya 11 kV, yaani volti 11,000. Hakuna aliyegusa mpangilio wa kasi. Pigo lilirudi baada ya mikrosekunde 4. Kifaa kikaandika mita 396. Tukapima kwa utepe juu ya ardhi, tukachimba, na mnajua kuchimba kwenye mwamba wa matumbawe wa kisiwa hiki kulivyo: sururu inaruka, cheche zinatoka, saa zinakwenda. Kebo tuliyoifikia ilikuwa nzima, ngozi yake inang'aa. Kwa kasi ya 0.55 muda uleule ni mita 330. Tulipitisha hitilafu kwa mita 66. Na hata 330 ni mita za urefu wa kebo, si za barabara. Kuna mizunguko ya akiba iliyoachwa kwenye jointi, kuna mahali kebo inashuka na kupanda, kuna kona ambayo ramani haina. Dawa yake ni kuupima kwanza waya mzima ndani ya kebo ileile, kama urefu wake unajulikana, na kurekebisha kasi mpaka namba ilingane na urefu huo. Kisha upime tena kutoka ncha ya pili.

Mwangwi una udhaifu mwingine. Ukisimama karibu na ukuta ukapiga ukelele mrefu, jibu linazama ndani ya sauti yako mwenyewe. Vivyo hivyo pigo pana hufika mbali lakini huficha hitilafu ya mita za mwanzo. Pigo jembamba huonyesha za karibu lakini huchoka njiani. Na kuna hitilafu ambazo hazijibu kabisa: kihami kilichodhoofika bila kuchomeka, kile kinachoangusha fyuzi masika yakianza na kunyamaza jua likitoka. Mega, kifaa kinachotia kebo voltage ili kupima kihami chake, itasema kebo ni mbovu, reflektometa itapita hapo kama hapana kitu. Hizo zinahitaji vifaa vya voltage kubwa vya kulazimisha cheche, na ni kazi ya watu waliofunzwa hivyo.

Wengine wanachanganya na ndugu yake anayetumia mwanga, wa nyuzi za kioo. Yule wa mwanga ndiye anayehusu kebo za intaneti kama TEAMS na SEACOM, zilizofika Mombasa mwaka 2009. Februari 2012 nanga ya meli ilipoikata TEAMS nje ya bandari yetu, kazi ilikuwa ya nyuzi za kioo, si ya shaba. Huyo ana hatari yake: mwanga wake hauonekani, na hautakiwi kuchunguliwa kwa jicho hata kidogo.

Nirudi kwa kijana wa Makupa. Mstari ulionyooka kwenye skrini haukumwambia kwamba kebo haina umeme. Hauwezi. Pigo la reflektometa ni dogo, kwa kawaida makumi ya volti. Kinachoua ni kebo. Kebo iliyozimwa upande wa kituo inaweza kulishwa na jenereta ya hoteli au sola upande wa pili. Hata ikiwa imetengwa pande zote, ni kondakta na kihami, yaani kapasita ndefu, na huhifadhi chaji. Baada ya kuipiga mega, kihami kinakuwa kimeinywa chaji hiyo kama udongo unavyonywa maji, na huichuruza tena polepole. Mwaka wangu wa pili kazini niliuondoa mapema waya wa ardhi, ule unaopeleka chaji ardhini, nikashika kebo niliyokuwa nimeitoa chaji dakika chache nyuma. Mkono ulikaa na ganzi mpaka jioni. Tangu hapo naiacha kwenye ardhi kwa muda usiopungua mara nne ya ule niliotumia kuipiga mega.

Kwa hiyo kebo inatengwa pande zote na kufungwa kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayepima. Kipima-voltage kinajaribiwa mahali penye umeme unaojulikana, kinawekwa kwenye kebo, kisha kinajaribiwa tena palepale, usije ukawa umeamini kifaa kilichokufa. Fimbo ya kutolea chaji, halafu ardhi. Nyaya za reflektometa zinafungwa kebo ikiwa bado imeshikwa na ardhi. Ardhi inaondolewa kwa muda wa kusoma tu, na inarudishwa kabla mkono wa mtu haujagusa chochote. Ncha ya mbali inaachwa wazi, na hapo anasimama mtu mwenye simu, si kibao cha onyo peke yake.

Basi mwenzako akikwambia mashine imeona, usimfokee. Mwambie, "Imesikia, ndugu yangu." Kisha muulize kasi iliwekwa ngapi, na kule mwisho wa kebo amesimama nani.