Gasketi ya Manifoldi Inapovuja Upande Usioonekana

Pikapu ilifika kwangu ikiwa imeshabadilishiwa plagi zote nane, waya za plagi, sensa ya oksijeni na pampu ya petroli. Ilikuwa bado inatetemeka ikisimama, ikishika mwendo inatulia. Mwenyewe alitaja jambo moja kana kwamba ni la pembeni: kila baada ya kilomita kama elfu moja huongeza lita nzima ya oili, na chini ya gari hajawahi kuona hata tone. Hapo niliacha kuuliza habari za plagi.

Nieleze kwanza kitu chenyewe. Nazungumzia injini za petroli za V8 na V6 zilizowekwa kwenye pikapu na malori madogo ya zamani, ambazo silinda zake zimepangwa kama herufi V, zenye hedi mbili (vifuniko vya juu vya silinda), moja kila upande. Manifoldi ya kuingizia hewa imekaa katikati ya hedi hizo kama tandiko mgongoni mwa punda. Juu yake kuna kabureta au kizibo cha hewa. Chini yake, ndani ya ile V, kuna bonde ambamo oili hurukaruka muda wote injini inapofanya kazi. Na kwenye injini nyingi za aina hii maji ya kupozea nayo hupita ndani ya manifoldi, kwenye pembe zake, yakielekea kwenye thamostati.

Kwa hiyo gasketi moja, kile kizuizi chembamba kinachobanwa kati ya manifoldi na hedi, inatenganisha vitu vitatu: hewa, maji na oili. Ikichoka, inaweza kuvuja kuelekea nje, kuelekea bondeni, au kwenye njia ya maji, na kila upande una dalili zake. Mafundi wengi huupima upande wa nje tu kwa sababu ndio wanaoufikia kwa mkono. Usipoona kitu hapo, usiondoke ukasema gasketi ni nzima.

Kinachoichosha ni joto na baridi. Mara nyingi manifoldi ni ya aluminiamu na hedi ni za chuma cha kusubu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Kila injini inapopata moto na kupoa, nyuso hizi mbili zinasuguana kidogo na gasketi iko katikati. Zile zenye fremu ya plastiki na ukingo wa mpira huharibika zaidi: plastiki inakauka na kupasuka, mpira unabanwa hadi unakuwa bapa na haurudi tena.

Sasa kwa nini gari hutetemeka likisimama na kutulia barabarani? Injini ikinguruma bila kukanyagwa, kizibo cha hewa karibu kimefungwa lakini pistoni bado zinavuta. Ndani ya manifoldi kunakuwa na vakyumu kali, yaani mvuto wa hewa; kwenye injini nzima, usawa wa bahari, geji husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Kila ukipanda mita 300 hivi, unapoteza kama inchi moja, kwa hiyo usiihukumu injini ya milimani kwa namba za pwani. Vakyumu ya namna hiyo ikikuta mwanya mdogo, itavuta hewa nyingi ikilinganishwa na kile kidogo kinachopita kwenye kizibo. Ukikanyaga mafuta, kizibo kinafunguka, vakyumu inashuka, na hewa ya mwanyani inakuwa sehemu ndogo tu ya hewa yote. Tatizo linajificha.

Kama gari lina kompyuta na mita ya hewa, mashine ya kusomea kompyuta inaonyesha jambo hilohilo kwa namba. Kompyuta hulenga kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Sensa ya oksijeni ikisema hewa imezidi, kompyuta huongeza petroli na kuweka kumbukumbu ya kiasi ilichoongeza. Ukiona imeongeza asilimia 20 kwenye mngurumo wa chini, kisha ukipandisha mizunguko hadi 2500 kwa dakika inashuka karibu na sifuri, hapo kuna hewa inaingia bila kupimwa. Ikiwa kinyume, yaani mambo yanaharibika kadiri unavyokanyaga, kaangalie msukumo wa petroli au usafi wa mita ya hewa, na manifoldi uiache kwanza. Msimbo P0171 unasema upande wa kwanza wa injini una hewa nyingi, P0174 upande wa pili. Ukipata mmoja tu kwenye injini ya V, umeshajua pa kuanzia.

Magari yasiyo na mita ya hewa, yale yanayotumia sensa ya shinikizo la manifoldi, hayafuati kanuni hiyo. Sensa hiyo inaiona hata hewa iliyoingia kwa wizi, kompyuta inaongeza petroli ya kutosha, na unachobaki nacho ni injini inayonguruma juu kuliko kawaida.

Kwenye injini ya kabureta unategemea geji na masikio. Sindano ikikaa chini na kutulia, hewa inaweza kuwa inaingia. Lakini muda wa kuwasha, yaani wakati plagi inapotoa cheche, ukichelewa pia sindano hukaa chini vilevile. Pima muda kwanza.

Mimi hupima injini ikiwa baridi, imelala usiku kucha. Ikipata moto chuma hutanuka na mwanya mara nyingi hujiziba wenyewe. Kabla ya kugusa manifoldi, banabana mipira yote ya vakyumu mmoja mmoja, na usiusahau ule mnene unaokwenda kwenye kisaidizi cha breki. Mpira uliopasuka huleta dalili zilezile, na kuubadilisha ni kazi ya dakika chache.

Wengi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio na kusikiliza mizunguko ikibadilika. Njia hiyo inafanya kazi, ila dawa hiyo inashika moto haraka, na manifoldi ya moshi iko sentimita chache kutoka hapo, tena cheche za waya mbovu hazina urafiki na mvuke wa dawa. Mimi hutumia chupa ya maji yenye mdomo mwembamba. Maji yakiziba mwanya kwa sekunde mbili tatu, utasikia mngurumo ukibadilika na kutulia, kisha ukirudi kama ulivyokuwa. Kama una mashine ya moshi, itumie kwa shinikizo dogo, injini ikiwa imezimwa, na uangalie moshi unatokea wapi.

Pikapu ile niliimwagia maji kila ungio. Hakuna kilichobadilika. Kompyuta ilikuwa imeongeza petroli asilimia 6 tu, kiasi ambacho hakimshtui mtu. Nadhani hapo ndipo waliotangulia waliposema si gasketi wakahamia kwenye pampu.

Lakini fikiria hewa inayoingia kutoka bondeni imetoka wapi. Kwenye injini nyingi zenye mita ya hewa, tumbo la injini, ile nafasi ya ndani yenye krenki na oili, hupata pumzi yake kwa mpira unaotoka baada ya mita. Hewa hiyo imeshapimwa. Ikipenya bondeni hadi kwenye manifoldi, kompyuta haioni upungufu wowote mkubwa, kwa sababu hesabu yake haijavurugika. Kinachoumia ni silinda moja au mbili zilizo karibu na mwanya: zinapata hewa zaidi ya wenzake, pamoja na ukungu wa oili. Maji ya chupa hayafiki huko. Masikio nayo hayafiki.

Kipimo cha upande huo ni glavu ya mpira, zile nyembamba. Chomoa vali ya kupumulia ya tumbo la injini, uzibe vali yenyewe na tundu lake kwenye manifoldi. Usipoliziba utakuwa umetengeneza uvujaji mpya kwa mkono wako. Ziba pia mpira wa pumzi. Hakikisha kijiti cha kupimia oili kimekaa vizuri mahali pake. Washa injini, iache ingurume taratibu, fungua kifuniko cha kumiminia oili na uvalishe glavu kwenye mdomo huo, ukiibana kwa mpira.

Injini yoyote, hata iliyo nzima, huvujisha gesi kidogo kupita ringi za pistoni, kwa hiyo tumboni lazima kuwe na msukumo wa kwenda nje. Glavu inapaswa kujaa polepole. Ya pikapu ile ilisita kidogo, ikalegea, halafu vidole vyote vitano vikafyonzwa kuingia ndani ya tundu. Hakuna kitu kingine kinachoweza kulivuta tumbo la injini namna hiyo ukishaziba ile vali, isipokuwa manifoldi yenyewe.

Nikatoa plagi. Sita zilikuwa na rangi ya kahawia kavu. Mbili za nyuma upande wa kulia zilikuwa nyeusi, zimelowa, na masizi yamefanya ganda.

Upande wa tatu, wa maji, haukuihusu gari ile, ila siwezi kuupita kimya kwa sababu ndio unaoua injini. Maji yakivuja nje kwenye pembe ya nyuma, hushuka mgongoni mwa bloku na kudondokea karibu na gia, na mtu akilala chini ya gari anadhani ni kitu kingine kabisa. Yakivuja bondeni, yanachanganyika na oili, na beringi za krenki hazidumu kwenye mchanganyiko huo. Pampu mfumo wa maji hadi shinikizo lililoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi, uache nusu saa na uitazame sindano. Utando mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake hautoshi kuhukumu, maana gari linalotembea safari fupifupi huupata kwa unyevu tu. Ukiukuta kwenye kijiti cha oili, zima injini na usiiwashe tena. Kuitofautisha na uvujaji wa hedi gasketi, ile iliyo kati ya hedi na bloku, tumia ile dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta: ikigeuka njano, gesi za mwako zinaingia kwenye maji, na kazi yako ni kubwa kuliko manifoldi.

Nilipoifungua pikapu nilikuta ukingo wa chini wa gasketi, kwenye silinda zilezile mbili, umeliwa na kulainika, na njia za hewa hapo zimepakwa oili kama sufuria ya kukaangia. Pembeni yake gasketi ilikuwa na alama ya kubanwa upande wa juu tu. Hedi ile ilikuwa imewahi kusagwa, yaani uso wake kukwanguliwa kwa mashine ili unyooke. Hedi ikisagwa bila manifoldi kurekebishwa, pembe zake hazilingani tena na uso unagusa upande mmoja. Kwa hiyo weka rula ya chuma, pima, na ujaribu manifoldi ikiwa kavu bila gasketi kabla hujaamini kwamba gasketi mpya itaponya. Ile yangu ilikwenda kusagwa kwanza.

Nyuso nilizisafisha kwa kikwaruzi cha plastiki, vitambaa vikiwa vimeziba kila tundu. Diski ya kusugulia kamwe. Unga wake ukiingia kwenye oili unasaga beringi. Kwenye kuta za mbele na nyuma za bonde naweka silikoni badala ya vile vipande vya gasketi vya kuta hizo vinavyokuja na seti, kwa sababu vile huteleza unapoishusha manifoldi. Boliti zinazoingia kwenye njia ya maji zipakwe dawa ya kuziba nyuzi. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa nguvu aliyoandika mtengenezaji wa injini hiyo, na umwage oili yote baada ya kazi, maana kuna maji na uchafu utakaokuwa umedondoka bondeni.

Kabla ya kumrudishia mwenyewe funguo, niliziba tena vali na mpira wa pumzi, nikavalisha glavu nyingine. Tulisimama wote wawili tukiitazama. Vidole vilijaa polepole, kimoja kimoja.