Maana ya kupanga matumizi ya ardhi katika miji yetu midogo

Kwenye hati ya kiwanja kilichopimwa Mafinga au Makambako kuna neno ambalo wengi hulipita haraka wakitafuta ukubwa wa kiwanja. Neno lenyewe ni matumizi. Mbele yake pameandikwa "makazi", au "makazi na biashara", au "viwanda vidogo". Halmashauri inapoutenga mji vipande, kila kipande kikapewa kazi yake na kazi nyingine zikazuiwa kuingia humo, huko ndiko kupanga matumizi ya ardhi.

Wengi huichukulia kama sheria ya kumbana mwenye kiwanja. Mimi naiona zaidi kuwa ni ahadi kuhusu jirani yako. Kiwanja chako kikiwa cha makazi, aliye upande wa pili wa ua naye hawezi kuamka kesho akafunga mashine ya kupasua mbao. Mtu wa Mafinga hahitaji kufafanuliwa. Shamba la miti la Sao Hill liko hapo jirani, magogo ya paini yanaingia mjini kwa malori, na msumeno ukishawashwa asubuhi mazungumzo ya sebuleni yamekwisha. Unga wa mbao unatua hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Na bado mashine hiyo inalisha watu, mji hauwezi kuifukuza. Kazi ya mpangaji ni kuipatia mahali: upepo unaelekea wapi, malori yatapita njia ipi, zahanati iko umbali gani.

Dhana yenyewe tunaishi nayo tangu ukoloni, ila wakati ule mji uligawanywa kwa rangi ya mtu. Wazungu walikaa kwenye viwanja vipana vyenye miti, Wahindi penye maduka, Waafrika kwenye nyumba zilizobanana. Jina la Uhindini bado linatajwa Mbeya na Iringa kila siku, hata na vijana wasiojua lilitoka wapi. Sheria ya mipango miji ya mwaka 1956 tuliendelea nayo muda mrefu baada ya uhuru, mpaka ilipofutwa na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007.

Kwa sheria hiyo ya 2007, mamlaka ya kupanga ni halmashauri yenyewe, iwe ya jiji kama Mbeya, ya manispaa kama Iringa, au ya mji kama Njombe na Tunduma. Afisa Mipango Miji ndiye anayeandaa michoro, madiwani wanaijadili kwenye kamati na baraza, kisha inakwenda kuidhinishwa wizara ya ardhi. Mpango kabambe ndio mchoro mkubwa, wa kutazama mji miaka 20 hivi mbele. Chini yake kuna mchoro wa eneo dogo, unaoonyesha kiwanja kimoja kimoja, barabara za mtaa, shule na soko. Huo mdogo ndio unaomgusa mwananchi, na ndio unaogombaniwa.

Shida ya mji mdogo ni kwamba ardhi huuzwa kabla mchoro haujafika. Barabara ikishawekwa lami, mwenye shamba la mahindi pembeni yake anapigiwa simu na madalali. Anaanza kukata vipande. Futi kamba hakuna, watu wanahesabu hatua: ishirini kwa ishirini, mti wa mparachichi ndio mpaka, karatasi inasainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kila mnunuzi anaachiwa kijinjia cha kupita kwa mguu. Wakishajenga wote, ndipo inagundulika kwamba gari la zimamoto haliwezi kuingia, na siku ya msiba jeneza linabebwa mkononi kutoka barabara kuu.

Hapo ndipo linapoingia zoezi la urasimishaji, yaani kupanga na kupima mahali palipokwisha kujengwa. Wakazi wanaunda kamati, wanachangia gharama za upimaji, kisha inakuja ile siku ya kukubaliana nani asogeze ukuta ili barabara ipite. Huwa nasikia urasimishaji ukisifiwa kama suluhisho. Ni afadhali kuliko kubomoa, hilo nakubali, lakini hauwezi kukupa kiwanja cha shule mahali ambapo kila kipande kimeshakuwa nyumba ya mtu. Aliyepaswa kukitenga alipaswa kufika wakati bado ni mahindi.

Mipaka mingine halmashauri haina uhuru wa kuichezea. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Kwenye mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Kwa mji kama Makambako, uliokua kwenye njia panda ya kwenda Songea na reli ya TAZARA ikiupitia, hizo mita zinameza sehemu nono kabisa, ile ambayo kila mfanyabiashara anaitaka.

Matumizi yanaweza kubadilishwa, ila yana utaratibu. Mwenye nyumba ya makazi anayetaka kujenga kituo cha mafuta anaomba kwa maandishi, tangazo linatolewa ili majirani wapate nafasi ya kupinga, kamati inajadili. Kiongozi wa mipango anapimwa hapa kuliko kwenye michoro. Muombaji huwa ni mtu anayejulikana mjini, mlipa kodi mzuri, pengine wanasali pamoja. Kituo kimoja kikiruhusiwa katikati ya nyumba, wa pili anakuja na hoja kwamba mbona yule alipewa. Mpango huharibika kibali kimoja kimoja, bila mtu yeyote kuufuta.

Mwaka fulani nilimsindikiza kaka yangu kukagua kiwanja alichokuwa ananunua kwenye mji mmoja wa huku kwetu, sitautaja. Karatasi ya mauziano ilikuwa na mhuri, mashahidi wanne, kila kitu. Nikamwambia tupite kwanza ofisi ya ardhi. Afisa akakunjua mchoro mezani, akaushikilia kwa kikombe cha chai upande mmoja na simu yake upande wa pili, akatafuta kwa kidole mpaka akafika pale kwetu. Palipakwa kijani: eneo la wazi, uwanja wa michezo wa shule ambayo haijajengwa. Akamtazama kaka, akauliza kama ameshalipa.

"Nusu," kaka akasema.