Kivuli Hung'olewa na Upepo wa Chini: Anzia Shimoni, si Kwenye Bati

Mteja anayetaka kivuli cha watoto kulia chakula shuleni, au cha kuegeshea gari nyumbani, karibu kila mara huanza na bati. Rangi gani? Geji ngapi, yaani unene gani? Halitaleta joto? Ni maswali ya msingi, na bati nitalifikia. Ila mimi huanzia shimoni, kwa sababu banda lisilo na kuta adui yake wa kwanza ni upepo, na upepo huo haulikandamizi tu, unalinyanyua.

Ule upepo mkali unaotangulia mvua ya masika hupita juu ya paa na kulivuta, na papo hapo hupenya chini yake na kulisukuma. Banda linakuwa kama mwavuli ulioshikwa vibaya. Upepo wa kilomita 90 kwa saa unaweza kubeba karibu kilo 39 kwa kila mita moja ya mraba ya paa. Kivuli cha mita 6 kwa 4 kina mita za mraba 24, kwa hiyo zaidi ya kilo 900 zinataka kupaa. Bati na mabomba ya kivuli chepesi cha aina hiyo mara nyingi hayafiki hata theluthi ya uzito huo. Tena upepo ukienda kasi mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne.

Uzito unaokosekana lazima utoke ardhini. Mita moja ya ujazo ya zege ina takriban kilo 2,400. Shimo la sentimita 40 kwa 40, kina sentimita 60, likijazwa zege lote, linakupa kama kilo 230. Nguzo nne, kilo 920. Hapo ndipo unaanza kulala usingizi mvua zikija. Uwanja ulio wazi kabisa, au ulio ufukweni, unahitaji zaidi ya hapo na hesabu kamili ya mhandisi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kwa hiyo tusijidanganye kwamba vimbunga havipiti kwetu.

Zege peke yake halitoshi kama nguzo inaweza kuchomoka ndani yake. Kabla ya kumwaga, mwambie fundi achomelee vipande viwili vya nondo kwa msalaba chini ya nguzo, vitokeze pande zote. Nenda ukavione kwa macho yako shimo likiwa bado wazi. Mwagilia zege maji kwa siku saba, na paa lisipande kabla ya hapo. Shuleni ratiba hii hubanwa sana, eti kivuli kiwe tayari kwa mahafali. Mimi hukataa, kwa sababu wanaokaa chini ya paa hilo ni watoto.

Kisha kuna jua, ambalo watu hulipima saa sita mchana na kusahau mengine. Chukua Dar es Salaam, Machi au Oktoba, jua linapopita karibu na utosi. Ikifika saa tisa na robo hivi alasiri Oktoba, au saa tisa na nusu hivi Machi, limeshuka hadi nusu ya njia kuelekea upeo wa macho, na paa lililo juu mita 3 linatupa kivuli chake karibu mita 3 upande wa mashariki. Kama banda lina upana wa mita 4, mita moja tu ndiyo bado ina kivuli chini ya paa. Watoto wanaosubiri basi wamekaa juani, na fedha zimeshatumika. Kwa hiyo uliza kwanza banda litatumika saa ngapi. Kama ni alasiri, refusha paa upande wa magharibi, lishushe kidogo upande huo, au panda mti.

Sasa bati. Ndiyo, linaleta joto, hasa likiwa chini. Rangi nyeupe au nyepesi husaidia kweli, na kuliinua mita 3 kutoka ardhini husaidia zaidi. Makuti ni baridi na mazuri, lakini yanataka mwinuko mkali ili maji yateremke, yanabadilishwa kila baada ya miaka michache, na jirani na jiko la shule mimi siyaweki kwa sababu ya moto. Neti ya kivuli ni nafuu na hupunguza nguvu ya upepo kwa kuwa hewa inapenya. Ivutwe ikaze kama ngozi ya ngoma, maana ikipepea inachanika.

Kutu pwani huanzia shingoni mwa nguzo, pale chuma kinapoingia kwenye zege. Nyanyua zege sentimita 10 juu ya ardhi na uliwekee mteremko kila upande, maji yasituame. Palipochomelewa pakwanguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho. Kila mwaka kabla ya masika, mtu apande ngazi akakaze bolti na skurubu za bati.

Na walimu, naomba hili lisisahaulike: banda lililo wazi linazuia jua na mvua, halizuii radi. Mkisikia ngurumo, watoto watoke hapo waingie kwenye jengo lenye kuta, ikiwezekana lenye kinga ya radi.