Dereva alilewa, Mungu ndo asingiziwe?

Wiki hii tena, chini ya turubai, emsii kashika maiki: "Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi." Kijana mwenyewe kagongwa na lori lililokuwa linaovateki kwenye kona, dereva kalewa, kila mtu pale msibani anajua. Mama yake kakaa kwenye mkeka kajifunika khanga hadi usoni, na sisi tunamwambia aliyemchukua mwanao ni Mungu, tena kwa upendo. Mimi ni mchungaji, kuzika ni kazi yangu, na hii kauli nimeichoka.

Hebu tuelewane, Mungu kuruhusu jambo siyo Mungu kulitaka. Watu hapa wanaparukia, wakati ndo penyewe. Soma Mathayo 23:37, Yesu anailalamikia Yerusalemu, mara ngapi nimetaka kuwakusanya watoto wako, "lakini hamkutaka". Yaani kataka kitu na hakikutokea kwa sababu binadamu wamekataa. Na kama kila kinachotokea ni mapenzi ya Mungu, kwa nini Yesu alitufundisha kuomba "mapenzi yako yatimizwe" hapa duniani, si yangekuwa yanatimizwa tayari kila saa mpaka kilabuni?

Halafu lazima mtu anitolee Ayubu 1:21, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Sawa, ila rudi juu kidogo, ng'ombe waliswagwa na Waseba, ngamia wakabebwa na Wakaldayo, watu kabisa, na mapanga yao. Na maneno yale kayasema mfiwa mwenyewe, joho kararua, kichwa kanyoa, ni ibada yake yeye na Mungu wake. Hakuna aliyemsemea. Waliokuja kumfafanulia sababu za Mungu ni wale rafiki zake watatu, na sura ya 42 Mungu anawawakia hasira. Kwa hiyo mama akiyasema mwenyewe nitanyamaza nilie naye, ila emsii asimsemee.

Mungu anatupenda kiasi cha kutuachia uwezo wa kumkataa, yule baba wa Luka 15 aligawa urithi na kijana akaondoka, hakufungwa kamba. Erasmus na Luther, wanateolojia wa Ulaya, waligombana sana kuhusu hiari ya binadamu, mwaka 1524 na 1525, lakini ugomvi wao hasa ulikuwa mtu anaokokaje, siyo nani kashika usukani.

Sasa kuna mahali na mimi nakwama. Mtoto mdogo akifa kwa saratani hakuna aliyechagua chochote, hoja ya hiari haifiki pale, sina jibu. Na mtu akinusurika kwenye ajali tunashuhudia kanisani Mungu kamwokoa, basi huyu wetu ilikuwaje? Napenda Yohana 11:35, Yesu akalia machozi, lakini mstari wa 15 wa sura hiyohiyo anasema anafurahi kwamba hakuwepo Lazaro alipokufa, ili wanafunzi waamini, na huo mstari unanisumbua mpaka leo.

Pamoja na hayo yote, lori silichanganyi humo. Dereva alichagua kunywa, akachagua kuwasha gari. Na tazama hii kauli inavyoharibu, hakuna ndugu hata mmoja aliyeenda polisi kuulizia kesi, wanasema wamemwachia Mungu. Nimewaambia tutakwenda wote, wachague siku.