Msalaba kwenye peni ya Uingereza haukuwa wa dini peke yake

Wengi wakiona msalaba kwenye sarafu za kale za Uingereza husema: wafalme walikuwa Wakristo, basi. Ni kweli walikuwa Wakristo, na alama yenyewe ilitoka kwenye imani. Lakini jibu hilo halielezi kwa nini mwaka 1247, chini ya Mfalme Henry III, msalaba huo ulirefushwa ghafla.

Chanzo kilikuwa wizi. Peni, sarafu ndogo ya Uingereza, ilikuwa ya madini halisi ya fedha, nyembamba, yenye uzito wa takriban gramu 1.4, na ukingo wake haukuwa na alama wala duara kamili. Mtu alichukua mkasi, akapunguza ukingo kidogo, akaitumia sarafu kama kawaida, vipande akaviyeyusha. Msalaba wa zamani, uliotumika tangu 1180, uliishia ndani ya duara la maandishi, kwa hiyo ukingo ukikatwa msalaba wenyewe ulibaki mzima. Ule mpya ulifika hadi ukingoni, na peni isiyoonyesha ncha zake zote nne haikupaswa kupokelewa.

Mistari ya msalaba huohuo ilisaidia kugawa pesa. Peni ilikatwa katikati ikawa nusu, au vipande vinne ikawa robo, hadi Mfalme Edward I alipoanza mwaka 1279 kutoa robo za duara, kisha nusu.

Wizi haukuisha. Mwaka 1278 Wayahudi wa Uingereza walikamatwa kwa mamia kwa tuhuma za kukata sarafu, na wengi wakanyongwa. Wakristo walioshtakiwa kwa kosa hilohilo waliadhibiwa kwa wepesi zaidi.