Gita la baritoni kwa metali: anza na urefu wa uzi

Wengi wanaotaka gita zito la kupigia muziki wa metali huja karakana wakiuliza pikapu, ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi. Mimi huchukua futi kamba kwanza. Uzi wako una urefu gani kutoka nati, kile kipande chenye mifereji kichwani, hadi kwenye briji inayoushika kwenye bodi? Hapo ndipo uzito wa sauti unapoanzia, na hapo ndipo gita la baritoni, lenye nyuzi ndefu na sauti ya chini, linapoachana na gita la kawaida.

Gita la Fender kwa kawaida lina inchi 25.5, yaani milimita 648. Uzi wa sita, ule mnene, wa namba 46 (unene wa inchi 0.046) ukikazwa kwenye noti ya E, mitetemo 82.4 kwa sekunde, huvuta karibu kilo 8. Ushushe huohuo hadi B, mitetemo 61.7, na mkazo unaporomoka hadi kama kilo 4 na nusu, kwa sababu mkazo hufuata mraba wa idadi ya mitetemo. Uzi uliolegea hivyo hupanda sauti kila ukiugonga kwa nguvu, kisha hurudi chini taratibu. Ukipitisha hiyo kwenye distoshoni, ile mikwaruzo ya makusudi ya sauti ya metali, unasikia uji.

Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyekatika ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham, alikuwa amelegeza nyuzi zake nusu toni tatu kufikia mwaka 1971, tena kwenye gita la Gibson, ambalo ni fupi zaidi. Lilimfaa, maana muziki wake ulikuwa na mwendo wa kuburuza. Mteja ninayemjengea sasa, kijana wa hapa Mtwara anayepiga solo kanisani Jumapili na metali siku nyingine zote, anapiga haraka na anataka noti ikatike palepale kiganja kinapogusa nyuzi.

"Fundi, si ungeniwekea tu nyuzi nene?" aliniuliza. Inawezekana, lakini kwa inchi 25.5 atahitaji namba 61 au 62 ili B yake ikaze kama E ya mwanzo, na uzi unene ukizidi kwenye urefu mfupi unakuwa mgumu kama fimbo. Sauti zake za juu haziendi sawa na noti yenyewe. Kwa inchi 28, sawa na milimita 711, namba 56 inatosha kwa mkazo uleule. Yeye tumemwekea 62 kwa makusudi: kwenye B inavuta karibu kilo 10, na akishuka hadi A, mitetemo 55, bado anabaki na kilo 7 na ushee. Inchi 30 nilikataa. Kwa 28 freti ya kwanza, kile kijiti cha chuma kinachogawa noti shingoni, iko milimita 40 kutoka nati, badala ya 36 alizozoea, na vidole vyake si virefu.

Mbao ndiyo sehemu ambayo sisi wa kusini tumejaliwa. Ubao wa vidole ni mpingo, na hapo hakuna mjadala, ila kuupata si rahisi kama watu wanavyodhani. Kwa freti 24 kwenye inchi 28, freti ya mwisho inakaa milimita 533 kutoka nati, kwa hiyo nahitaji kipande kilichonyooka cha sentimita 55, kisicho na ufa wala moyo wa mti. Mpingo hukua umepinda, wenye matawi ya chini. Wachongaji wetu wa Kimakonde hawajali hilo, mpindo ndio unaowapa umbo. Mimi hukagua magogo mengi kabla ya kupata langu, na silinunui bila stakabadhi na hati ya kusafirishia. Nikipata la Kilwa, kutoka misitu ya vijiji, nafurahi zaidi: vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009.

Ncha za kipande nazipaka nta na kukiacha kivulini kikauke polepole, maana kikikauka haraka kinapasuka. Siku ya kukata mifereji ya freti, msumeno hupata moto na unga wake mweusi hupenya kila mahali. Vaa barakoa, unga ule unawasha vibaya. Kabla ya kugundisha nafuta uso wa mpingo kwa asetoni, vinginevyo mafuta yake hukataa gundi.

Shingo ni vipande vitatu, mkongo pembeni na mninga katikati, na ndani yake chuma cha kurekebishia mpindo. Bodi, yaani kiwiliwili cha gita, ni mninga mtupu. Kuna wanaoniomba bodi ya mpingo. Mpingo unazama majini, jamani. Nani atalivaa begani saa mbili? Na wanaobishana kwamba mbao ya bodi ndiyo sauti ya gita la umeme, mimi siwafuati. Nachagua mbao kwa ugumu, uzito na utulivu wake, na mninga hautikisiki sana unyevu wa bahari unapopanda na kushuka. Shingo ndefu hutaka kuinama upande wa kichwa, kwa hiyo pembe ya juu ya bodi nimeirefusha hadi kitufe cha mkanda kikae usawa wa freti ya 12.

Sasa ndiyo pikapu. Hambaka, bila shaka, aina iliyobuniwa na Seth Lover wa Gibson mwaka 1955 ili kuzima mvumo wa umeme. Usichague yenye besi nyingi. Besi tayari ipo kwenye uzi. Chukua iliyo kavu na wazi, kisha punguza besi kabla ya distoshoni, si baada yake.

Tundu la ufunguo wa uzi wa sita huenda likahitaji kutanuliwa ili 62 ipite, na mfereji wake kwenye nati pia. Ukisawazisha briji ili noti zikae sawa shingo nzima, gonga kwa nguvu anayotumia mpigaji mwenyewe. Ukigusa kwa upole kipimo kitaonyesha sawa, na jukwaani sauti ya gita itakuwa juu ya noti. Freti nimeweka za chuma kisichoshika kutu. Nyuzi hazina namna, chumvi ya hapa itazila, basi afute kila akimaliza kupiga na anunue seti mbili kwa pamoja.