Wafu hawakupiga kura upande mmoja

Nimekutana nayo tena, safari hii katika makala ya mtu ambaye kwa kawaida hupima maneno yake: ile hoja kwamba matokeo ya kura ya maoni ya Uingereza ya mwaka 2016 yalikwisha kupinduliwa na makaburi. Waliotaka kujitoa katika Umoja wa Ulaya walikuwa 17,410,742, waliotaka kubaki walikuwa 16,141,241, na tofauti yao ni kura 1,269,501. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa ikifiwa na watu takribani 600,000 kila mwaka, wengi wao wazee, na wazee ndio waliotaka kujitoa. Kwa hiyo, baada ya miaka miwili na ushei, ushindi ulikuwa umeshazikwa. Mwenye hoja hii amegawa namba moja kwa nyingine, kisha akaiita kazi hiyo demografia.

Marehemu hao hawakuwa wa upande mmoja. Tafiti kubwa za maoni za wakati ule ziliwaweka wenye miaka 65 na zaidi kwenye asilimia 60 hadi 64 za kujitoa. Tuchukue 60. Wakifa wapiga kura kumi wa umri huo, upande wa kujitoa unapoteza sita na upande wa kubaki unapoteza wanne, na kinachogusa tofauti ni wawili tu. Tena si kila marehemu alipiga kura. Tukikadiria kwamba saba kati ya kumi walipiga, vifo 600,000 vinatupa wapiga kura 420,000, na moja ya tano yao ni 84,000. Hilo ndilo salio la mwaka mzima. Gawa sasa ile tofauti kwa salio hilo, nawe utapata miaka kumi na mitano.

Kinachofupisha muda huo ni vijana. Kila mwaka zaidi ya watu 700,000 hutimiza miaka 18. Tukisema nusu yao wangejitokeza, na saba kati ya kumi wangetaka kubaki, salio lao ni 140,000, yaani zaidi ya lile la vifo. Jumla ni 224,000 kwa mwaka, na muda unashuka hadi kukaribia miaka sita. Ukishusha mwitikio wa vijana hadi wanne kati ya kumi, karibu mwaka mzima unarudi, kwa hiyo mtu asinitajie siku na tarehe ambayo wingi ulihama.

Ninaloshindwa kulivumilia ni madai kwamba janga la korona ndilo lililomaliza kazi. Mwaka 2020 Uingereza ilisajili vifo karibu 690,000, wakati mwaka uliotangulia vilikuwa takribani 605,000. Ziada ni 85,000, msiba mkubwa kwa kipimo chochote kile. Pitisha ziada hiyo kwenye hesabu ileile, toa wasiopiga kura, toa waliobatilishana, na kinachobaki hakifiki kura 12,000, ambazo ni chini ya asilimia moja ya tofauti iliyokuwa ikijadiliwa.

Na hata ile saba kati ya kumi niliiweka kwa ukarimu. Wanaokufa katika mwaka fulani si sampuli ya wazee wote. Aliyefariki miezi minane baada ya kura, mara nyingi siku ya kura alikuwa tayari mgonjwa, na mgonjwa hujitokeza kwa nadra kuliko mzima. Maskini hufa mapema kuliko tajiri, na maskini pia hupiga kura kwa uchache. Kwa hiyo kifo huchukua wengi ambao sauti yao haikuwamo kwenye sanduku tangu mwanzo, huku wazee wenye afya, wanaopiga kura bila kukosa, wakiendelea kuwepo. Anayetumia kiwango cha vifo cha nchi nzima kana kwamba ni kiwango cha vifo cha wapiga kura amezidisha kasi ya mambo.

Halafu kuna dhana iliyojificha chini ya yote haya, kwamba mtu akishapiga kura maoni yake huganda. Waingereza walipoulizwa mwaka 1975 kama wabaki katika Jumuiya ya Ulaya, asilimia 67.2 walikubali. Waliokuwa na miaka 18 hadi 30 siku hiyo walikuwa na miaka 59 hadi 71 mwaka 2016, na sasa wengi wa rika hilo walitaka kutoka. Hawakufa, walibadilika. Quebec nako, jimbo la Kanada lenye wasemaji wengi wa Kifaransa, kura ya pili ya uhuru, ya mwaka 1995, ilishindwa kwa kura 54,288 tu, na kwa kuwa vijana wanaozungumza Kifaransa walielemea upande wa uhuru, wapo walioamini kwamba subira ingetosha. Rika zilizofuata hazikurithi hamu hiyo kwa kiwango kilekile, na kura ya tatu haijapigwa hadi leo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Ayalandi, kwa sababu unawanyima raha wote. Mwaka 1986 asilimia 63.5 ya wapiga kura walikataa kuruhusu talaka. Mwaka 1995 iliruhusiwa kwa asilimia 50.28, tofauti ya kura 9,114. Hakuna kiwango cha vifo cha wakati wa amani kinachoweza kusogeza karibu alama kumi na nne za asilimia ndani ya miaka tisa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilifanyika vichwani mwa watu walio hai, hasa baada ya sheria za mali na utengano wa wanandoa kurekebishwa. Hata hivyo, kura 9,114 ni chache kiasi kwamba bila mazishi ya miaka hiyo tisa huenda talaka isingepita. Kifo hakikuleta wimbi lile, lakini ushindi ukiwa mwembamba kiasi hicho, hata sababu ndogo hutosha kuamua.

Jambo jingine husahaulika: mzee hufa, uzee haufi. Rika kubwa zilizozaliwa baada ya vita vya 1939–1945 zinaendelea kuingia kwenye uzee, na ikiwa sehemu ya msimamo wa wazee inatokana na umri wenyewe, sio mwaka wa kuzaliwa, basi nafasi za marehemu zinajazwa na watu wanaoanza kufikiri kama wao.

Hapo ndipo nami husita. Umri, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa utafiti vimefungamana: ukijua viwili, cha tatu umeshakijua, kwa hiyo hakuna hesabu inayoweza kuvitenganisha bila mtafiti kuingiza dhana yake mwenyewe mahali fulani. Vitabu hulipitia jambo hili kwa aya moja na jedwali. Na kwa kuwa kura ni siri, kila ninachosema juu ya marehemu kinatoka kwenye majibu waliyotoa wakiwa hai, katika tafiti zinazowafuatilia watu walewale mwaka hadi mwaka, ambamo aliyefariki na aliyechoka kujibu maswali yetu mara nyingi huandikwa kwa alama moja.